Sahani ya Mzee Bomba

Mzee Bomba alikuwa fundi bomba, na jina hilo watu wa mtaa walimpa zamani, kabla mwanawe wa kiume hajazaliwa. Choo chako kikiziba, ukamwaga ndoo baada ya ndoo na bado kinakucheka, ulimwita yeye. Alikuja na baiskeli, nondo ndefu imefungwa ubavuni, akavua shati, akaingiza mkono mpaka begani mahali ambapo wewe mwenye choo hukuthubutu hata kutupia jicho. Akimaliza alinawa kwa sabuni ya mche, akaomba chai, akainywa amesimama palepale mlangoni pa choo, akipiga soga kama mtu aliye sebuleni.

Mwanawe, kitinda mimba, alikua akiikimbia harufu hiyo. Shuleni wenzake walimwita Mtoto wa Shimo, wakaziba pua akipita hata siku alizooga mara mbili. Hakuwahi kumwambia baba yake. Alipofika umri wa kujitafutia alichagua kazi iliyokuwa mbali na choo kadiri alivyoweza: kunyoa. Poda, spiriti, taulo nyeupe za kuchemshwa, manukato ya kupaka shingoni. Mzee alimwachia chumba cha mbele cha nyumba, akamfungia sinki kwa mikono yake mwenyewe, na watu wakaanza kumwita Kinyozi. Alioa, lakini mkewe alichoka mapema. "Mume gani ananawa mikono kila akinigusa?" alisema, akafungasha, akarudi kwao. Wakabaki baba na mwana, mmoja chumba cha mbele, mwingine chumba cha nyuma, na katikati yao ua mdogo wa saruji wenye pipa la maji, kamba ya nguo, na choo pembeni.

Kiharusi kilimkuta Mzee juu ya ngazi akifunga tangi la mtu. Mwenye nyumba alimdaka, kwa hiyo hakuvunjika kitu, lakini upande wa kulia ulikufa ganzi tangu shavuni mpaka kidole cha mguu. Aliporudi kutoka hospitali ulimi wake ulikuwa mzito, na kile choo, ambacho ungeweza kukirushia jiwe la mkono kutoka mlangoni pake, kikawa safari.

Dada yake Kinyozi, aliyekuwa akiuza ndoo na mabeseni sokoni upande wa pili wa mji, alikuja Jumapili moja amekumbatia beseni jekundu. Ndani yake alikuwamo mtoto wa mbwa wa rangi ya udongo, masikio makubwa kuliko kichwa.

"Nini hicho, Dada?"

"Mwenzake Baba. Wewe unashinda mbele na mashine zako, yeye anashinda na kuta."

"Mimi na mbwa wapi na wapi?"

"Sikukuletea wewe."

Mbwa alipowekwa chini alizunguka ua mzima. Alinusa pipa, akanusa ndoo, akasimama mbele ya mlango wa choo akiutazama kama anayetafuta kosa. Mzee, aliyekuwa amekalishwa mlangoni pake, akatoa sauti ambayo wanawe hawakuwa wameisikia tangu augue. Alikuwa anacheka, kwa nusu ya uso.

"Meneja," alisema. "Huyo... Meneja. Anakagua."

Basi jina likawa hilo, na mbwa akabaki.

Jambo lenyewe Kinyozi aliligundua akiwa anaanika taulo. Meneja alichuchumaa kando ya pipa, akafanya haja yake, akageuka, akanusa, halafu bila haraka, kama mtu aliyeandaliwa meza, akaanza kula. Taulo ilimponyoka Kinyozi. Alimkamata mbwa shingoni, akamsukuma pua kwenye kilichobaki, akamtandika kofi la mgongo.

"Mchafu wewe! Mchafu! Aibu huna?"

Meneja alilia, akakimbilia chumba cha nyuma, akajipenyeza chini ya kitanda cha Mzee. Dirisha la chumba hicho lilikuwa wazi, kama siku zote.

Tangu hapo ikawa vita. Wateja nao, kila mmoja akageuka daktari. Mmoja alisema uchafu unyunyiziwe majivu, mwingine akaapa kwa pilipili. Meneja alikutana na pilipili, akapiga chafya, akajifuta pua kwa mguu, akaendelea. Dereva wa lori aliyelambwa mkono akiwa kitini aliunusa mkono wake, akauliza, "Kinyozi, huyu mwajiriwa wako hapigi mswaki?" Duka zima likaangua kicheko. Kinyozi naye akacheka, kwa meno tu. Mtu huyo alipoondoka, Kinyozi alimtafuta mbwa akamchapa kwa taulo iliyolowa. Na kadiri alivyomchapa ndivyo mbwa alivyozidi ujanja: akawa anakwenda nyuma ya pipa, anafanya, na ukifumba na kufumbua saruji ni safi na mdomo wake unanuka.

Kwa Mzee hakukuwa na kofi. Kinyozi hakuwahi kumtukana baba yake, hata kwa moyo. Alikuwa akiingia asubuhi amefunga barakoa, amevaa glavu, amejipaka manukato chini ya pua, na alimsafisha mbiombio, uso ameugeuzia dirishani, kama mtu anayeondoa sufuria ya moto jikoni bila kitambaa.

"Tena, Baba? Si nilikuambia uniite?"

"Nili... nilikuita."

"Hukuita kwa nguvu."

Mzee aligeukia ukuta. Kinyozi alifungasha mashuka, akatoka nayo uani mikono ameinyoosha mbele, na ikitokea Meneja yuko pale na shughuli yake, basi yale yote aliyoyabana chumbani aliyamwaga juu ya mbwa. Mchafu. Aibu huna. Sijui nimekosa nini mimi.

Kisha mambo yakaanza kuwa mepesi. Mashuka yakawa yanakaa siku kadhaa bila kuchafuka. Sahani ya Mzee, wali laini na viazi vilivyopondwa, ikawa inarudi nyeupe. "Baba anapata nafuu," Kinyozi alimwambia dada yake kwenye simu. "Anakula vizuri, na yale mengine yamepungua. Naona tumevuka." Kilichobaki kumsumbua ni mbwa, na mbwa, kwa kuwa sasa ndiye tatizo pekee, Kinyozi aliamua kumpeleka kwa daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, kliniki yake nyuma ya duka la vyakula vya kuku. Alimpandisha Meneja mezani, akamfungua mdomo, akambinya tumbo.

"Unamlisha nini?"

"Mabaki kidogo, asubuhi na jioni."

"Kidogo? Hili tumbo umeliona? Huyu ameshiba kuliko mimi." Akachukua kijiti, akachokonoa kile ambacho Kinyozi alikuwa amekileta kwenye mfuko wa nailoni, na uso wake haukubadilika hata kidogo. "Njoo uone. Usigeuze uso bwana, njoo. Hizi punje za wali. Hiki kiazi. Anapewa chakula kingi mno, utumbo wake mdogo haukimalizi, kinatoka karibu kama kilivyoingia. Bado kinanukia chakula. Wewe unaona anakula uchafu, yeye anarudia sahani."

"Nampiga, hasikii."

"Akiwa anakula, au akiwa anafanya haja?"

Kinyozi alifikiri. "Vyote."

"Basi umemfundisha kwamba kosa ni kuonekana nacho. Anakimaliza upesi ili usikikute. Ukimpiga zaidi, ataficha zaidi." Akampa dawa ya minyoo. "Mlishe kidogo kidogo, mara tatu. Akimaliza haja, mwite kwa jina, kwa sauti nzuri, umpe kitu kitamu mkononi. Wakati anatafuna, wewe uwe umeshazoa. Asikute kitu chini. Kelele acha, kofi acha. Wengi wanaacha wakikua." Alipomfungulia mlango akaongeza, "Na huyo anayempa wali, mwambie apunguze."

Kinyozi alirudi nyumbani mbwa kwapani, akimtafuta huyo anayempa wali. Jirani? Mtoto wa jirani? Alifika kwenye kona ya mtaa wao ndipo akasimama ghafla. Katika nyumba ile wali laini ulipikwa kwa ajili ya mtu mmoja tu.

Mchana huo alimpelekea Mzee sahani yake, akaweka kijiko upande wa kushoto, akasema kama kawaida, "Karibu chakula, Baba. Mimi nina mteja." Akatoka kwa mlango wa mbele, akazunguka, akaingia uani peku, akasimama nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, akichungulia chumba cha nyuma.

Mzee alisubiri kidogo. Kisha akainamisha sahani kwa mkono wake mzima, taratibu, akausukuma wali kwa kijiko ukadondoka bonge kwa bonge mbele ya Meneja. Mbwa alikula bila sauti, kama anayejua anachokifanya. Sahani ilipokwisha Mzee alichovya kidole kwenye mchuzi uliobaki, akajipaka pembeni mwa mdomo na kidevuni, ili anayekuja aone mtu aliyekula.

Kelele ilimpanda Kinyozi. Ilifika mdomoni kabisa. Akaimeza, akaingia ndani, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Baba."

Mzee aliduwaa, kidole kiko kidevuni.

"Tangu lini, Baba?"

Mbwa alikuwa akiwatazama mmoja mmoja.

"Kisipoingia," Mzee alisema hatimaye, akilisukuma kila neno kwa ule ulimi mzito, "hakitoki. Hesabu ya... ya bomba hiyo."

"Utakufa na njaa, Baba!"

"Nimeshika uchafu wa mtaa huu wote. Wa mahakimu. Wa walevi. Sikuona haya hata siku moja." Akapumzika, akavuta pumzi. "Wangu ndio umenishinda. Na anayeushika ni wewe. Wewe, katika watu wote. Unadhani sikujua shuleni walikuitaje?"

Kinyozi aliinama. Miaka yote hiyo alidhani siri ile ni yake peke yake.

"Halafu nakusikia hapo uani," Mzee aliendelea. "Mchafu. Aibu huna."

"Nilikuwa nasema na mbwa, Baba. Haki ya Mungu, na mbwa."

"Najua ni mbwa." Mzee alitazama nje. "Lakini dirisha liko hapa."

Kinyozi alinyoosha mkono, akamfuta baba yake mchuzi kidevuni kwa kidole gumba, bila glavu, kisha akachukua sahani akaenda kupakua upya. Alimlisha mwenyewe. Mzee alikula vijiko vichache, zaidi kwa kumridhisha, akafumba mdomo.

Kesho yake duka halikufunguliwa. Kulikuwa na kiti cha kunyolea cha zamani, kikubwa, ngozi imepasuka, kimerundikiwa magazeti kwenye kona. Kinyozi alikitoa uani, akaanza kukikata tundu katikati ya kalio, lichukue umbo la ndoo. Mzee alikalishwa mlangoni kusimamia.

"Kushoto. Kushoto zaidi. Nani alikufundisha kushika msumeno?"

"Si wewe."

"Ndiyo maana."

Kilipokamilika, ndoo yenye kifuniko imeingia chini yake sawasawa, kikawekwa kando ya kitanda ambako Mzee aliweza kuhamia kwa kushikwa mkono mmoja tu. Alikaa, akaegemea, akakanyaga kile chuma cha miguu. "Hata rais," alisema, "hana choo cha kuegemea namna hii." Na wote wawili wakacheka mpaka mbwa akabweka.

Barakoa Kinyozi aliitupa. Siku ya kwanza bila barakoa alikimbilia sinki akatapika, akasukutua, akarudi. Alijikaza kisabuni. Alijifunza kufanya kazi ile polepole, akimtazama baba yake usoni na kumsimulia vituko vya wateja: fulani anayeficha upara kwa wino wa viatu, fulani anayelala kitini na kuota anagombana na mkewe. Harufu haikupungua, ila aliacha kuipigia kelele moyoni.

Meneja naye alipangiwa utaratibu, na Mzee alipewa nafasi ya kazi. Alishika kipande cha yai la kuchemsha mkononi, akamvizia mbwa kutoka kwenye kiti. Mbwa akichuchumaa na kumaliza, Mzee aliita, "Meneja!" Lilikuwa neno alilolitamka vizuri kuliko yote. Mbwa alikwenda mbio kwa yai, Kinyozi akapita nyuma na koleo. Siku nyingine walichelewa na mbwa akawashinda. Hakuna aliyempiga. Mzee alisema tu, "Ah, Meneja," kwa sauti ya mtu aliyesikitishwa na mwajiri wake.

Ungedhani hapo mambo yalitengemaa. Lakini Mzee alikuwa amechelewa kurudi mezani. Kinyozi alipika supu, akapika mayai, akasaga ndizi kwa maziwa. Mgonjwa alimeza kidogo, akasukuma kijiko kwa adabu. Nyama ilikuwa imemtoka mapajani. Kinyozi alipomwogesha aliziona mbavu, akajiuliza zote hizi zilikuwa wapi siku zile alizokuwa akigeuza uso dirishani.

Mvua zilipoanza kifua kilimkamata. Hospitalini, daktari kijana alimsikiliza mapafu, akamvuta Kinyozi kando. "Dawa tunampa, lakini mwili hauna akiba. Nyumbani alikuwa anakula?"

"Sahani ilikuwa inarudi tupu," Kinyozi alisema. Lilikuwa jambo la kweli, na alipolisema alitamani ardhi ipasuke.

Dada alifunga kibanda chake sokoni, wakawa wanapokezana wodini. Asubuhi moja Kinyozi alikwenda na kikapu chake cha kazi, akamnyoa Mzee ndevu. Alimpaka povu, akavuta ngozi ya shavu lililokufa, akapitisha wembe kama mtu anayeandika jina. Mzee alifungua macho.

"Meneja... ameacha?"

Asubuhi hiyohiyo Kinyozi alikuwa ameondoka nyumbani kwa haraka bila kuzoa ua, na akifunga mlango alimwona mbwa akielekea nyuma ya pipa.

"Ameacha, Baba. Kabisa."

Mzee aliitikia kwa kichwa, kidogo, kama fundi anayesikia maji yamepita. Alikata roho kabla ya jua la mchana, povu kidogo limebaki nyuma ya sikio, Dada akiwa amekwenda kuchukua maji ya kunywa.

Walimzika. Watu wengi walikuja, na kila mmoja alikuwa na hadithi ya choo chake. Walipotawanyika, Dada alibaki akikunja nguo za marehemu. Aliinua suruali moja, akatazama mkanda wake: ulikuwa umetobolewa matundu mapya kwa msumari, ndani zaidi, na ndani zaidi tena. Akamgeukia ndugu yake.

"Si uliniambia anakula?"

Kinyozi alimweleza. Hakuacha kitu. Alimweleza wali na mbwa, alimweleza dirisha na maneno aliyokuwa akiyasema uani. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka suruali ndani ya mfuko, akajifunga kitenge, akaondoka bila kuaga. Simu hakupokea. Kinyozi hakumlaumu.

Mwezi ukaisha na mwingine ukaanza. Mbwa akakua, miguu ikarefuka, masikio yakapata kichwa cha kuyatosha. Ile tabia ikamwisha, haijulikani siku gani hasa. Kinyozi aligundua tu kwamba siku nyingi zimepita anazoa uani na mbwa amekaa kando hana habari. Alisimama na koleo lake. Hakuwa na mtu wa kumwambia.

Dada alikuja siku ya kazi, duka lina mteja mmoja kitini. Alikaa kwenye benchi, mkoba magotini, akasubiri mpaka mteja akafutwa shingo akaenda zake.

"Nimekuja kukuambia kitu," alisema. "Ile Jumapili niliyomwogesha mimi, ulipokwenda kununua taulo. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nilizihisi mbavu. Nikamuuliza, Baba, mbona hivi? Akasema uzee. Nilijua si uzee. Lakini nikajisemea, nikisema kitu, mdogo wangu ataniambia basi mchukue ukae naye kwako. Na kwangu hakuna nafasi, na mume wangu... Nikanyamaza. Nikamvalisha shati."

Kinyozi alikuwa amesimama na brashi ya kukung'uta nywele mkononi.

"Kwa hiyo siku ile usinione nimeondoka kwa hasira na wewe," Dada alisema. "Nilishindwa kukaa."

Hakuna aliyemkumbatia mwenzake. Kinyozi alikaa kwenye benchi kando yake, wakatazama kiti kitupu na vioo. Kisha Dada alilia, kilio cha chinichini cha mtu mzima aliyejizuia muda mrefu, na ndugu yake alimwachia alie, kisha naye yakamshinda.

Mtu mmoja alichungulia mlangoni, akauliza kama kuna nafasi.

"Ipo," Kinyozi alisema, akijifuta uso kwa mkono wa shati. "Nipe dakika moja tu, ninawe."

Dada hakuondoka. Alichukua ufagio, akafagia nywele za yule aliyetangulia, akakaa tena kwenye benchi mpaka duka lilipofungwa.